Programu ya safari za kazi: ipimwe kwa risiti ya motari, si kwa tiketi ya ndege

Kila mwisho wa mwezi, katika biro nyingi za Goma, Bukavu, Beni, Bunia na Lubumbashi, kuna kazi moja ambayo hakuna anayeipenda: kufungua bahasha za safari. Ndani yake mna tiketi za mashua, fakitire za hoteli zilizoandikwa kwa mkono, vikaratasi vya barabarani, ujumbe wa M-Pesa ulionakiliwa kutoka kwenye telefone, na mara nyingi karatasi moja iliyoandikwa tu «pikipiki, faranga 5.000», bila jina wala sahihi. Mtunza hesabu anauliza maswali. Aliyesafiri anajieleza. Majuma yanapita, na feza aliyoitoa mfukoni mwake hairudi.

Siku hizi makampuni na mashirika ya mashariki mwa inchi yanaletewa dawa ya ugonjwa huo: programu za kompyuta na telefone ambazo zinatafuta tiketi, zinapanga hoteli, zinapokea picha za risiti na kupeleka hesabu kwa mkubwa bila karatasi kutembea kutoka biro moja hadi nyingine. Ni jambo jema. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna aliyesema kwamba daftari haliwezi kukaa ndani ya telefone.

Lakini programu nyingi kati ya hizo zilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayetoka Paris kwenda Frankfurt akiwa na kadi ya benki mfukoni. Kiongozi anayechagua kwa kutazama ukurasa mzuri wa tiketi za ndege peke yake atanunua kitu ambacho hakifiki mahali feza inapopotelea kweli. Katika eneo hili kipimo ni kingine. Programu ipimwe kwa namna inavyopokea risiti ya motari, hasa pale ambapo motari hakutoa risiti yoyote.

Kazi mbili chini ya jina moja

Muuzaji anapozungumza juu ya «programu ya safari», anaunganisha kazi mbili ambazo hazifanani.

Kazi ya kwanza ni kutafuta na kununua nafasi: ndege, hoteli, gari. Nyuma ya programu hizi kuna mitambo mikubwa ambayo inakusanya bei na viti vya mashirika ya ndege ya dunia. Sabre ilizaliwa karibu na mwaka 1960 kwa ushirikiano wa American Airlines na IBM. Amadeus ilianzishwa mwaka 1987 na Air France, Iberia, Lufthansa na SAS. Programu kama Navan, ambayo ilianza mwaka 2015 kwa jina la TripActions, huchota sehemu kubwa ya bei zake kwenye visima vya namna hiyo na kumwonyesha msafiri ukurasa rahisi.

Kazi ya pili ni hesabu ya matumizi: kuomba ruhusa ya safari, kupata sahihi ya mkubwa, kutunza risiti, kuhesabu perdiem, kurudishia mfanyakazi feza yake na kuandika yote katika vitabu. Hapo ndipo Concur ilipojenga jina lake. Ilianzishwa mwaka 1993, na mwaka 2014 kampuni ya Ujerumani SAP ilitangaza kuinunua kwa zaidi ya dola bilioni 8. Kuna pia Expensify ya Marekani, Zoho Expense ya kampuni ya Kihindi Zoho, na Odoo ya Ubelgiji, ambayo ina toleo huria lisilolipiwa na sehemu yake ya matumizi ya wafanyakazi.

Kampuni inaweza kuhitaji kazi zote mbili, au moja tu. Kosa linaanza pale inapolipia ya kwanza huku shida yake iko katika ya pili.

Kiti cha ndege si tatizo la kila mtu

Kwa kampuni ya Lubumbashi au Kolwezi ambayo watu wake wanapanda ndege kila juma kwenda Johannesburg, Nairobi au Addis Ababa, programu ya kununua tiketi inaweza kujilipa yenyewe. Inalinganisha bei mbele ya kununua, inazuia mtu kujichagulia daraja la juu bila ruhusa, na inaonyesha kiongozi nani yuko wapi siku ambayo hatari inatokea. Tangu Juni 2008, mashirika ya ndege yaliyo katika IATA yaliachana na tiketi ya karatasi, kwa hiyo safari nzima inaweza kufuatwa kwa namba moja.

Kwa shirika la Kivu au la Ituri, hali ni tofauti. Viti vya ndege ndogo za ndani ya inchi si mara zote vinaonekana katika mitambo hiyo ya dunia. Vinanunuliwa kwenye ajansi, kwa feza taslimu. Go-Pass ya uwanja wa ndege ni malipo mengine ya kuhesabu. Zaidi ya hayo, mashirika ya ndege yaliyosajiliwa Kongo yamo katika orodha ya Umoja wa Ulaya ya ndege zinazokatazwa kuingia anga lake, tangu orodha hiyo ilipotoka mwaka 2006. Kwa sababu hiyo mashirika mengi ya kimataifa hayaruhusu wafanyakazi wao kuzipanda. Wanatumia UNHAS, ndege za kibinadamu zinazosimamiwa na Mpango wa Chakula Duniani, ambazo zina njia yao ya kuomba nafasi na hazimuuzii kila mtu. Programu inayojisifu kwa hoteli elfu mia moja haiwezi kumpa mfanyakazi wa kibinadamu kiti hicho.

Kisha ukaja mwaka 2025. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwezi wa Januari, na ule wa Kavumu karibu na Bukavu mwezi wa Februari. Mtu wa Goma aliyehitaji kufika Kinshasa alijikuta anavuka mpaka kuingia Gisenyi, anapanda basi hadi Kigali, na kutoka hapo anatafuta ndege ya kupitia inchi nyingine mbele ya kutua Ndjili. Wa Bukavu alivuka Rusizi. Safari moja ya ndani ya inchi ikawa na mipaka miwili au mitatu, na feza za aina tatu: faranga ya Kongo, faranga ya Rwanda na dola.

Wakati huohuo benki zilifunga milango katika miji hiyo miwili, na sehemu kubwa ya malipo ikahamia kwenye telefone. Programu ambayo haifunguki bila kadi ya benki ya kampuni, au ambayo inarudisha feza kwa mfanyakazi kupitia akaunti ya benki peke yake, ilikuwa imefungwa hata mbele ya kufunguliwa. Hilo ni fundisho ambalo halifai kusahauliwa siku benki zinapofanya kazi vizuri.

Feza inapotelea katika mambo madogo

Tiketi ya ndege ni kubwa, lakini ni rahisi kuihesabu: ina namba, jina, tarehe na bei. Shida iko katika pikipiki ya kwenda mahali mkutano unafanyika, mtumbwi wa kuvuka, mbeba mizigo wa bandarini, kadi za mtandao, chakula cha njiani, na chumba cha hoteli ndogo ambayo haina muhuri. Moja moja ni faranga chache. Zikijumlishwa kwa wafanyakazi kumi na tano na miezi kumi na miwili, ni bajeti ya mradi.

Hapo programu zinaonyesha tabia zao. Baadhi zinakataa matumizi yoyote yasiyo na picha ya risiti. Kiongozi anafurahi, akiamini kwamba wizi umekwisha. Kinachotokea ni kinyume. Mfanyakazi mwaminifu aliyepanda pikipiki bila risiti anapoteza feza yake, na mwenzake mjanja anajifunza kununua kitabu cha risiti sokoni na kujiandikia. Kila mhudumu wa hoteli anafahamu mgeni anayeomba fakitire tupu yenye muhuri ili ajaze kiasi mwenyewe. Telefone itaipiga picha fakitire hiyo vizuri kabisa. Picha safi ya risiti ya uongo inabaki uongo.

Kwa hiyo kanuni inatangulia, programu inafuata. Kwa matumizi madogo ambayo kwa kawaida hayana risiti, kampuni iweke kiwango kinachojulikana na wote: pikipiki ndani ya mji ni kiasi hiki, kutoka mji hadi uwanja wa ndege ni kiasi hiki. Msafiri aandike tarehe, alipotoka, alipokwenda na sababu, kisha atie sahihi kwamba anayosema ni kweli. Anapoweza kulipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, ujumbe wa malipo uwe ushahidi, maana una namba, saa na kiasi. Risiti ya karatasi idaiwe pale inapopatikana kweli: hoteli, ajansi, mafuta, gari la kukodi.

Programu nzuri kwa mashariki mwa Kongo ni ile inayokubali kanuni hiyo. Iwe na nafasi ya matumizi yasiyo na risiti, yenye kikomo na maelezo ya lazima. Iwe na nafasi ya kuweka ujumbe wa telefone kama ushahidi. Na imwonyeshe mkubwa, kwa kila mfanyakazi, ni kiasi gani kinaombwa bila risiti kila mwezi. Mtu mmoja akizidi wenzake mara tatu, swali linajitokeza lenyewe, bila kumdhalilisha yeyote kwa safari moja ya pikipiki.

Kitabu cha hesabu kina sheria yake

Wauzaji wa kigeni hawazungumzi sana juu ya OHADA, lakini mtunza hesabu wa Kongo hawezi kuisahau. Inchi iko ndani ya mfumo huo tangu mwaka 2012. Sheria yake ya hesabu inataka vitabu viandikwe katika feza halali ya inchi, na inataka vitabu pamoja na karatasi za ushahidi vitunzwe kwa miaka 10.

Mambo mawili yanatoka hapo. La kwanza ni kiwango cha kubadilisha feza. Watu wengi wanatumia dola, lakini kitabu kinahesabu kwa faranga. Mwishoni mwa mwaka 2025, wakaaji wa inchi nzima waliona faranga ikipata nguvu mbele ya dola ndani ya majuma machache. Mfanyakazi aliyelipa hoteli kwa faranga siku moja na kurudishiwa kwa dola mwezi uliofuata angeweza kupata faida au hasara ambayo hakuitafuta. Programu lazima iandike kiwango cha siku ya malipo, imruhusu mtunza hesabu kukiweka mwenyewe, na isikibadilishe nyuma yake. Programu inayochukua kiwango cha mtandao bila kuuliza italeta ugomvi kila mwezi.

La pili ni miaka 10 hiyo. Programu inalipiwa kwa mwezi. Kampuni ikiacha kulipa baada ya miaka miwili, picha za risiti zinakwenda wapi? Mkataba useme wazi kwamba kila kitu kinaweza kutolewa, picha pamoja na orodha, katika faili za kawaida ambazo kompyuta yoyote inafungua. Muuzaji akisitasita juu ya swali hilo, kampuni imeshapata jibu.

Kuna pia taarifa za watu wenyewe. Programu ya safari inashika namba za pasipoti, tarehe za kuzaliwa, namba za telefone na habari za nani atalala wapi usiku gani. Katika eneo lenye vita, orodha kama hiyo ikianguka katika mikono mibaya si jambo la hesabu tena, ni jambo la uhai. Kongo ina Kanuni ya Dijitali tangu tarehe 13 Machi 2023, ambayo inalinda taarifa za watu binafsi. Lakini mbele ya sheria kuna akili ya kawaida: ni nani ndani ya biro anaweza kuona safari za wote, na aliyefukuzwa kazi jana, je, mlango wake umefungwa leo?

Bahasha ya mwezi uliopita ndiyo mtihani

Maonyesho ya muuzaji hayatoshi. Yeye anakuja na intaneti nzuri na risiti safi alizozitayarisha. Kampuni ichukue bahasha halisi ya mwezi uliopita, ile yenye fujo, na iombe programu iipokee mbele ya macho ya mtunza hesabu na ya wafanyakazi wawili wanaosafiri sana.

Waangalie mambo machache. Je, mtu aliye Walikale au Shabunda, mahali mtandao unakuja na kuondoka, anaweza kuandika matumizi yake na kupiga picha bila intaneti, kisha yakajituma yenyewe atakaporudi penye mtandao? Je, inafanya kazi kwenye telefone ya bei ndogo, au inataka telefone ya gharama kubwa? Je, maneno yake yako katika Kifaransa ambacho mfanyakazi anakielewa? Je, fakitire iliyoandikwa kwa mkono inasomeka, au mashine inasoma 1.000 ikaandika 7.000? Je, hesabu inatoka katika namna inayoingia kwenye kundi la 6 la OHADA bila mtunza hesabu kuandika upya kila mstari? Je, mkubwa akiwa safarini, kuna mwingine anayeweza kutoa ruhusa, au kila kitu kinamsubiri?

Kisha bei. Chukua mfano wa shirika lenye wafanyakazi 15 linaloambiwa dola 8 kwa kila mtu kwa mwezi. Hiyo ni dola 120 kwa mwezi, dola 1.440 kwa mwaka, mbele ya kuhesabu mafundisho na siku za mtunza hesabu. Lakini kama wanaosafiri kweli ni watano, wengine kumi wanalipiwa bure. Baadhi ya wauzaji wanahesabu tu wale waliotuma matumizi mwezi huo. Ni lazima kuuliza. Na kwa biro ya watu wanne wanaosafiri mara mbili kwa mwaka, jedwali la Excel, kanuni ya ukurasa mmoja na kabati lenye ufunguo vinatosha. Kukataa kununua ni uamuzi pia, tena wakati mwingine ndio uamuzi bora.

Anayeumia ni nani

Wapo watakaosema kwamba hili ni jambo dogo mbele ya vita, bei za vyakula na barabara zilizokufa. Si dogo kwa anayelipa. Mwanzoni mwa kila safari isiyo na feza ya kutosha kuna mfanyakazi anayekopa kwa jirani au anayechukua feza ya shule ya watoto ili aende kazi ya shirika. Akirudishiwa baada ya miezi miwili, ndiye aliyelikopesha shirika, bila riba na bila kuulizwa. Akikataliwa kwa sababu ya karatasi moja iliyoloa mvua njiani, anaonekana mwizi mbele ya wenzake.

Upande wa pili kuna shirika lenyewe. Mfadhili anapokagua na kukuta matumizi hayana ushahidi, anayahesabu kuwa hayakubaliki, na feza hiyo inadaiwa irudi. Shirika kubwa la kigeni litalipa kutoka akiba yake. Shirika dogo la Butembo au la Uvira halina akiba. Linarudisha kwa kukata mishahara, au linapoteza mradi uliofuata. Wagonjwa na wakulima ambao mradi ungewafikia hawataambiwa kamwe kwamba sababu ilikuwa bahasha ya risiti.

Ndiyo maana kiongozi asinunue programu kwa ajili ya kuwapeleleza wafanyakazi wake, wala kwa ajili ya kumwonyesha mfadhili kwamba biro yake ni ya kisasa. Ainunue kwa ahadi mbili zinazoandikwa na kubandikwa ukutani. Ya kwanza ni ya mfanyakazi: kila matumizi yataletwa katika siku tano baada ya kurudi, na yatakuwa ya kweli. Ya pili ni ya kampuni: aliyeleta kwa wakati atarudishiwa feza yake katika siku kumi, kwa telefone yake, bila kuomba mara mbili. Na kanuni iwaguse wote. Mkurugenzi ambaye matumizi yake hayapiti katika programu anawafundisha wengine kwamba programu ni ya wadogo.

Programu yoyote inayosaidia kushika ahadi hizo mbili inafaa, hata kama ukurasa wake wa tiketi si mzuri. Ile isiyosaidia ni gharama nyingine tu ya safari, na hiyo hakuna atakayerudishiwa feza yake.